Papa Saa Mbili

Mke wangu alikuwa anakata mboga ya puaro kwenye meza ya jikoni, binti yetu Zawadi anachezea simu yake, mimi nimekaa mlangoni na kikombe changu cha chai.

"Papa," Zawadi akasema, "simu inasema toka Goma mpaka Kinshasa ni kilometa elfu moja mia tano na kitu. Masaa mbili kwa ndege."

"Ndege gani? Uwanja umefungwa. Siku hizi kunatua kunguru peke yao."

"Simu haijue kama kuna vita, Papa."

Tulicheka wote watatu. Kisha harufu ya ile puaro ikanipanda puani, mbichi, kali, harufu ya udongo wenye baridi, na nikajikuta nimesimama nje karibu na ukuta, naangalia upande wa mlima kama mtu aliyeitwa na asijue nani kamwita. Masaa mbili. Ilikuwa miaka mingi sijasikia mtu akiyatamka maneno hayo ndani ya nyumba yangu.

Niseme kwanza mimi ni nani, asiyejua ajue. Shule niliiacha mwaka wa tatu, darasa la watoto wanaohesabu kwa vijiti. Kusoma nilijimalizia mwenyewe, kwa magazeti waliyofungia maandazi. Leo nina malori manne ya kubeba mawe, nyumba ya orofa mbili ambayo nimeijenga bila kumwomba mtu hata msumari, na anayetaka kujenga kitu cha kudumu katika mji huu ananitafuta mimi kabla ya kumtafuta injinia. Sikurithi shamba wala duka. Nilirithi saa mbili za mkononi. Hizo ndizo ninataka kuzisema, kwa watu wa rika langu, wale wanaokumbuka ndege zilivyopita chini juu ya mabati ya mtaa wetu wa Birere mpaka vikombe vikagongana kabatini.

Baba yangu alikuwa mtu wa Maniema kwa asili, Mwislamu, mfanyabiashara, na biashara yake ilikuwa kusafirisha mboga kwa ndege. Vijana wa sasa wanafikiri natania. Lakini wakati ule Kinshasa ilikula kutoka kwetu: kabichi, karoti, viazi, na zaidi ya yote puaro, ile mboga ndefu kama kitunguu kilichokosa kichwa, inayopenda baridi ya milima. Baba aliinunua Kibumba, kule juu kwenye barabara ya Rutshuru. Asubuhi ilishuka mjini juu ya chukudu, baiskeli zetu za mbao zisizo na pedali, majani yakiwa bado na umande, na kabla jua halijapata nguvu ilikuwa ndani ya tumbo la ndege ya mizigo, na baba amekaa juu ya magunia. Siku ya tatu au ya nne alirudi na vitambaa na viatu vya kuuza.

Dunia yote aliipima kwa puaro. Ukimwuliza Bukavu ni mbali kiasi gani, anasema, "Puaro inafika imechoka kidogo." Kisangani kwa barabara, "Puaro inafika imekufa, hata wa kuizika hakuna." Na Kinshasa? Hapo alinyoosha kidole juu, uso umemjaa raha kana kwamba njia ile ya hewani ni yeye aliyeichimba. "Kinshasa ni masaa mbili. Puaro inafika haijajua kama ilitoka."

Mkono wa kushoto alivaa saa ya Goma, mkono wa kulia saa ya Kinshasa, maana kule saa iko nyuma ya yetu. Sisi tukisema saa tatu, wao wanasema saa mbili. Mtaa ukambandika jina, Papa Saa Mbili, na jina hilo lilikuwa na milango mitatu: saa mbili za mikononi, masaa mbili ya njiani, na saa mbili ya asubuhi ambapo ndege yake iliondoka. Vijana wa pale kona walimngoja apite.

"Papa Saa Mbili, ni saa ngapi?"

"Ya wapi?" anauliza, bila kusimama.

"Ya hapa."

"Ya hapa ilipita mukiwa munakaa ku ile jiwe."

Wanacheka wao, anacheka yeye, na kesho wanamwuliza tena. Mimi nilitembea nyuma yake nikiwa na kiburi, kwa sababu baba za wenzangu walikuwa na saa moja au hawana kabisa.

Sasa, kosa langu lilianzia hapa. Siku moja alikuwa anatengeneza magunia uani, akanieleza safari kwa kutumia mikono yake miwili.

"Angalia. Natoka hapa saa mbili, nafika Kinshasa saa tatu. Ku kurudi, natoka kule saa mbili, nafika hapa saa tano."

Nilihesabu kwa vijiti vyangu. Kwenda, saa moja. Kurudi, masaa matatu. Mtoto mwingine angeuliza kwa nini. Mimi sikuuliza, kwa sababu jibu nilikuwa nimeliona kwa macho kila wiki. Kulikuwa na mwanaume mmoja wa Kibumba jina lake Bahati, Mkristo, mrefu, mwenye miguu ya vumbi, ndiye aliyetuletea puaro. Bahati alishuka kutoka Kibumba juu ya chukudu yake kwa muda kama wa saa moja, upepo ukimpiga kifuani, magunia manne mbele yake. Kurudi alisukuma. Masaa matatu, wakati mwingine zaidi, mgongo umepinda, jasho linadondoka kwenye mawe. Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi. Kinshasa iko chini, sisi tuko juu karibu na mlima. Ndege inateremka kwenda, na kurudi inasukumwa.

Nilipomwambia, baba alicheka mpaka akakaa chini juu ya kabichi. Mama akatoka ndani na mwiko mkononi.

"Munacheka nini?"

"Kijana yako amevumbua kitu hata wazungu hawajajua. Anasema ku kurudi tunasukuma ndege."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nimwambie nini tena? Njo vile iko. Angalia hii mikono." Akamwonyesha viganja vyake, vigumu kwa kubeba magunia.

"Unamudanganya mutoto," mama akasema, lakini naye alikuwa anacheka.

Niliamini. Aliporudi kila safari nilimshika viganja nione kama vimechubuka, naye alilalamika kwa uchungu wa kujifanya, anasema leo mlima ulikuwa mbaya, Mungu tu ndiye aliyetufikisha.

Safari ya mwisho haikuwa na dalili yoyote. Nasema hivyo kwa sababu watu wanapenda kukumbuka kwamba mbwa walilia au kikombe kilivunjika. Kilichokatika ni mkanda wa saa ya kushoto, ile ya Goma, wakati anajifunga kuondoka. Baba aliiangalia, akaitia kwenye kiganja changu, akakifunga.

"Ubaki nayo. Mutu mwenye kubaki njo anachunga saa ya nyumbani."

"Na wewe utajuaje saa ya hapa?"

Akainua mkono wa kulia. "Hii itajua yenyewe. Siku nitaanza kurudi, ikisikia mulima, itapanda na mimi."

"Ukichelewa nitakuja kusukuma."

"Uje na nguvu," akasema. "Ule vizuri."

Akapanda nyuma ya gari la magunia na mimi nikarudi ndani kula, kwa sababu aliniagiza.

Siku ya nne nilikaa kwenye kizingiti na ile saa mkononi. Saa tano ikafika. Ikapita. Juu ya mabati kulikuwa kimya. Watu walikuwa wamekusanyika kwenye redio ya jirani, na nikasikia kwamba kuna vita tena, vita vingine, wakati vile vya kwanza tulikuwa hatujamaliza kuvizoea. Nchi ilikatwa kama mtu anavyokata kitambaa: upande huu watu wa bunduki wa huku, upande ule serikali, na katikati hakuna ndege, hakuna barua, hakuna simu. Wakubwa walisema, "Kinshasa imekuwa inchi ingine." Walisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba kule mtu mwenye Kiswahili mdomoni anatafutwa barabarani, na mama alipoingia walibadilisha maneno.

Mimi sikuwa na wasiwasi wa aina yao. Wangu ulikuwa mwingine. Nilijua baba amenunua vitu vingi, ndege ni nzito, mlima ni mrefu, na watu wa kusukuma ni wachache kwa sababu ya vita. Nilikwenda kwenye ua wa uwanja wa ndege, mahali ambapo waya ulikuwa umelegea, na kukaa hapo nikiangalia upande wa magharibi. Siku moja Bahati alinikuta.

"Unafanya nini hapa, kadogo?"

"Nangoja ndege ya baba ionekane. Nikiiona nitaenda kusukuma."

Bahati hakucheka. Aliegemeza chukudu yake kwenye waya, akakaa, na mimi nikamwuliza swali la mtaalamu kwa mtaalamu: mtu akichoka katikati ya mlima anafanya nini?

Alifikiri. "Anaweka jiwe nyuma ya gurudumu," akasema. "Anapumzika. Mutu hawezi kuacha mzigo wake ku njia."

Nilirudi nyumbani nimetulia kabisa. Baba ameweka jiwe nyuma ya gurudumu. Anapumzika.

Alipumzika mwaka mzima, na wa pili, na wa tatu. Shule ikaisha, kwa sababu mwalimu alifukuza waliokuja mikono mitupu. Mama alianza kuuza maandazi. Mara moja moja habari zilifika zikiwa zimechakaa: mtu fulani amemwona baba sokoni, mtu mwingine amesikia yuko kwa watu wa Maniema wenzake. Wazee wa msikiti walimwuliza mama kwa heshima kama anajihesabu mke au mjane. Mama aliwajibu, "Bwana yangu alikwenda masaa mbili. Mutu wa masaa mbili hakaliwi matanga."

Mimi kila asubuhi niliangalia saa ya Goma, naipangusa kwa shati. Ilikuwa inatembea vizuri.

Aliyekuja siku moja mchana ni Mama Safi. Huyu alikuwa mwanamke wa Goma, mfanyabiashara wa mboga kama baba, naye vita vilimkamatia Kinshasa. Alikuwa amepata njia ya kurudi kwa kuzunguka: amevuka mto, akapanda ndege hii na ile mpaka Nairobi, akashuka Kigali, akamaliza kwa gari. Siku tisa kwa safari ya masaa mbili. Alikaa kwenye kitanda cha mama bila kuvua viatu, miguu imevimba, na akasema baba alishikwa na homa, homa ya kawaida, siku tano tu, na watu wa Maniema walimwosha na kumzika vizuri kama ndugu yao. Mwezi na nusu ulikuwa umepita.

Mama hakulia. Aliuliza kama alipata maji ya kunywa. Mama Safi akasema alipata. Aliuliza kama alizikwa na sanda mpya. Mpya, Mama Safi akasema. Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea bidhaa na kukuta hesabu imetimia.

Kisha Mama Safi alifungua ncha ya kitenge chake, akatoa saa ya mkono wa kulia.

Niliichukua, nikaiweka kando ya ile yangu, niangalie kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu saa ya Kinshasa inasema nini. Ya Goma ilisema saa nane na robo. Ilipaswa hiyo nyingine iseme saa saba na robo. Ilisema saa nane na robo. Hata dakika zilikuwa karibu sawa.

"Mama Safi, uliigeuza?"

"Sikuigusa. Ilitoka ku mukono yake mpaka ku kitenge yangu. Mimi hata sijue kuigeuza."

"Mama," nikasema, na nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha mbele ya watu wawili waliokaa na kifo katikati yao, "mama, angalia, zinaendana."

Mama alizichukua zote mbili, akaziangalia. Hapo ndipo alipolia. Sikuwahi kusikia sauti ile na sijaisikia tena. Nilifikiri nimeharibu kitu. Nilifikiri analia kwa sababu saa ya Kinshasa imeharibika njiani. Nilitaka kumweleza kwamba haikuharibika, kwamba imesikia mlima ikapanda yenyewe kama baba alivyosema, na kama saa imeanza kupanda basi mwenyewe yuko nyuma yake, wamekosea mtu, wamezika mwingine. Sikumweleza. Nilizichukua saa zangu nikaenda nazo uani, nikakaa na siri yangu.

Kwa hiyo mama alipoingia eda, mimi peke yangu katika nyumba ile nilikuwa sina msiba. Wazee walihesabu kuanzia siku ya kifo, wakasema imebaki miezi karibu mitatu ya kukaa ndani, bila rangi, bila manukato, bila kutoka. Mama alikaa, na mimi nikawa ninauza maandazi kwa niaba yake na kumwonea huruma, kama mtu anayejua mwisho wa hadithi na hawezi kuusema.

Mlima wetu wa moto ulipasuka siku hizo zikiwa hazijaisha. Ilikuwa mchana. Kwanza harufu ya viberiti, kisha watu wa Kanyaruchinya na wa upande wa uwanja wakishuka mbio na magodoro kichwani, kisha ile sauti ya moto unaotembea, ambayo si kubwa kama mtu anavyofikiri; ni kama vioo vinakanyagwa polepole. Jirani alipiga mlango wetu.

"Mama, toka! Moto umefika ku Birere!"

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na nguo zake nyeupe. "Nina eda," akasema.

"Mungu anaona, mama. Toka."

"Bado siku kumi na mbili."

Nilimshika mkono nikamvuta. Mimi, mtoto wa maandazi, nilimvuta mama yangu kutoka kwenye eda yake mpaka barabarani, na tukaenda na mto wa watu kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, yeye amejifunika uso kwa aibu kana kwamba kuna mtu siku hiyo angeangalia mjane gani ametoka. Saa zilikuwa mfukoni mwangu. Sikuchukua kitu kingine, wala sijuti.

Kule Gisenyi, kwenye uwanja uliojaa watu, kila mmoja alilia kitu chake. Huyu nyumba, huyu duka, huyu mbuzi. Mtu mmoja alifika akasema lava imepita katikati ya uwanja wa ndege, imelala juu ya barabara ya kurukia kama ulimi wa ng'ombe. Nikaanza kulia kwa sauti. Wanawake walinibembeleza, wakafikiri ni nyumba yetu. Mama alinivuta kwake.

"Nyamaza. Nyumba ni miti na mabati."

"Si nyumba," nikasema. "Baba atatua wapi?"

Mama alinitazama. Alikuwa na majivu kwenye nyusi. Nafikiri ndipo alipojua kwamba miezi yote ile alikuwa amekaa matanga peke yake. Hakunisahihisha. Alitoa mkono akapapasa mfuko wangu, akazisikia zile saa mbili chini ya kitambaa, akaacha mkono wake hapo mpaka jioni.

Tuliporudi, mahali pa nyumba palikuwa na jiwe jeusi bado lina joto. Wengine walikaa wakaliangalia. Mimi niliazima nyundo nikaanza kulivunja, na vipande vya jiwe lililokula nyumba yetu nikavisukuma kwa chukudu ya kukodi nikavipeleka kwa waliotaka kujenga upya. Huo ndio mwanzo wa malori manne, asije mtu akasema nilisaidiwa. Nilijifunza kusukuma. Nilisukuma miaka tisa. Kila nikichoka katikati ya mlima niliweka jiwe nyuma ya gurudumu kama Bahati alivyonifundisha, na nilipokuwa nimekaa hapo barabarani, jasho linakauka, niliangalia magharibi. Sikuwa tena nangoja. Au niseme hivi, sikuwa najua kama nangoja.

Mama alikufa kwenye nyumba ya mawe niliyomjengea. Mwaka uliofuata, wakati ndege zimekwisha kurudi, nilinunua tiketi ya Kinshasa, kiti cha dirishani, suti mpya, viatu vinavyolia. Nilitaka kuona kaburi. Mkono wa kulia nilivaa saa ya baba.

Ndege iliruka. Niliona ziwa, mlima, halafu msitu, msitu, msitu, kijani kisichokuwa na mwisho, na nikajikuta nangoja kusikia tunateremka. Hatukuteremka. Tulikwenda tambarare kama mtu anayetembea mezani. Masaa mbili kasoro kidogo. Tulipotua, sauti ikatangaza kwamba hapa Kinshasa ni saa tatu. Nikaangalia mkono wangu. Saa ilisema saa nne.

Usinicheke. Nilikuwa mwanaume wa mke na mtoto, mwenye wafanyakazi wanaonipigia saluti. Lakini jambo lile liliingia kichwani mwangu nikiwa mtoto na hakuna mtu aliyewahi kulitoa, wala mimi mwenyewe sikuwahi kulifungua tena niangalie. Nilikaa kwenye kiti, watu wanateremsha mizigo yao juu ya kichwa changu, na nikaingoja. Nikaipa dakika. Nikaipiga kwa kucha. Saa nne. Saa haisikii mlima. Saa haijui kitu mpaka mtu aishike ile pini ya pembeni kwa vidole viwili, aivute, aizungushe.

Basi ni yeye aliyeizungusha.

Mzee wa Maniema aliyemhifadhi baba alikuwa bado hai, kipofu wa jicho moja. Makaburi alinionyesha kwa mkono tu, "upande ule," kwa sababu juu yake watu walikuwa wamekwisha kujenga. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, nikamvulia saa, nikampa aishike.

"Aa, hii," akasema. "Hii ilitusumbua. Mwaka wa kwanza alikuwa mutu kama sisi. Halafu siku moja walisema kuna ndege ya Goma, akafunga mufuko, akageuza saa. Ndege haikutoka. Nikamwambia, basi irudishe sasa. Akakataa."

"Alisema nini?"

"Alisema hiyo ingine iko na mutoto yake, lazima ziendane. Miaka miwili, mwanangu. Sisi tunakula, yeye amekwisha kula. Sisi tunaongea, yeye anasema kwetu watu wamelala, anaenda kulala. Tulimwona kama mupumbavu kidogo. Mchana anaiangalia, anatuambia: sasa kijana anatoka ku masomo."

Sikumwambia mzee kwamba sikuwa natoka shuleni. Saa hiyo nilikuwa nauza maandazi, au nilikuwa nimekaa kwenye waya wa uwanja.

Kwa siku tatu nilizokaa Kinshasa saa ile sikuigeuza. Kila nilipoalikwa nilifika saa moja kabla, nikakaa nangoja peke yangu na suti yangu.

Haya yote yalinipitia pale ukutani, puaro inanukia kutoka jikoni. Siku hizi mtu wa Goma anayetaka Kinshasa avuke mpaka, aende Kigali, azunguke kama Mama Safi alivyozunguka, na kule uwanjani majani yanaota kwenye nyufa za barabara ya kurukia. Zawadi alinifuata nje. Mimi huvaa saa zote mbili, moja kila mkono, na mtaa unafikiri ni majivuno ya mtu aliyepata. Nimewaachia wafikiri hivyo.

"Papa, chakula iko tayari. Ni saa ngapi?"

"Ya wapi?" nikamwuliza. Ilinitoka tu.

Zawadi akanishangaa. "Ya hapa, Papa. Kuna ingine?"

Niliangalia mkono wa kushoto, nikaangalia wa kulia. Zinaendana.

"Hapana," nikamwambia. "Hakuna ingine."